Majivu Meupe ya Ipinda

Tata, baba yangu,

Mugonile. Nakuandikia kutoka ofisini Dodoma, ambako kazi yangu siku hizi ni kupitia maombi ya watafiti wa nje kabla sampuli zao hazijavuka mpaka. Mezani nina nakala ya ombi la chuo kilekile cha ng'ambo. Wanataka tena majivu ya pumba kutoka kwenye tanuri lako la matofali.

Walipokuja mara ya kwanza nilikuwa likizo nyumbani Ipinda, nikawa mkalimani wao. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, unalinda lundo la pumba za mpunga tanurini lifuke taratibu bila kuwaka. Wenzako walichoma haraka, wakapata majivu meusi. Kwako, mtu akisogea na kijiti kuchokoa, ulimfokea kama mwizi wa ndizi. Yako yalitoka meupe, ukayachanganya na chokaa, na sakafu ya nyumba yetu haijapasuka hadi leo. Wageni waliuliza kila hatua, ukawaeleza zote, kisha ukawafungia na mchele wa kuondoka nao. Nilijivuna kweli siku ile.

Fomu yao ilikuwa na swali moja la maana: mali hii ina mwenyewe, au ni takataka? Ikiwa na mwenyewe, ilibidi twende wilayani kuomba kibali, na wao walikuwa wanaondoka mchana uleule. Nikaweka alama kwenye takataka. Ukaniuliza nimeandika nini.

"Taratibu zao tu, tata," nikakujibu.

Ukasema ndaga, asante ya kwetu, ukabonyeza dole gumba kwenye fomu.

Leo uchomaji wako una hataza huko kwao, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, kwa jina la chuo, na saruji inayotokana nao inauzwa. Nimeisoma hataza hiyo. Hatua ni zako, hata ile ya kuacha tundu la hewa katikati ya lundo. Sheria haikuvunjwa popote, kwa kuwa takataka haina mwenyewe. Roho iliniuma, sikufichi.

Safari hii neno takataka wameliandika wenyewe. Bosi wangu anasema kila nchi inawagombania watafiti hawa. Tukiwabana watahamia kwa jirani, maana pumba zipo kila panapolimwa mpunga. Hajakosea. Naye Ambakisye, mwanao anayeendesha tanuri sasa, alinipigia kunisihi nipitishe, kwa sababu wamemwahidi kazi.

Jana nililirudisha ombi. Nimeandika kwamba majivu haya ni ujuzi wa familia, na familia isaini mkataba kwanza. Ambakisye akanipigia tena, akaniuliza kama nataka kulipia kosa langu kwa matumbo ya watoto wake. Akakata simu, na wageni bado wako kimya.

Kwa hili la jana sikuombi msamaha. Nakuomba kwa lile la kwanza, tata, kwa sababu ulikufa ukiamini kwamba jina lako limo kwenye karatasi zao.

Ni mimi binti yako,
mkalimani wako wa siku ile.