Baba Rebeka na Makaburi ya Makatekista

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Rebeka, tangu utoke nyumbani Likombe asubuhi umevaa kitenge kipya, ukarudishwa jioni umefunikwa turubai.

Kwanza nikusemee mema, maana watoto wameniambia nisianze na damu. Ulikuwa mpole. Miaka arobaini na minne hukuninyanyulia mkono, ingawa sababu nilikupa nyingi. Ulibangua korosho mwenyewe, nzima ukanichagulia mimi, zilizovunjika ukala wewe. Ulikoroma kama mashine ya kukoboa, na siku hizi silali vizuri kwa sababu ya kimya. Tena hukuweza kupita kaburi lenye majani usiiname kung'oa, hata la mtu usiyemjua, hata tukiwa tumechelewa harusini.

Tabia hiyo ndiyo iliyokuua.

Tulikwenda hija na wanajumuiya, watu kumi na tisa, kuona magofu ya kanisa la kale karibu na mdomo wa Ruvuma na makaburi ya makatekista wa kwanza. Wenzetu walibeba simu za kupigia picha. Wewe ulibeba jembe. Nilikwambia tunakwenda kutembea, si kulima. Ukasema babu yako amelala pale, hutasimama kwenye majani yake ukipiga picha.

Hatukujua kwamba mwezi uliotangulia, wachimbaji wa mali inayosemwa ilizikwa na Mjerumani walikuwa wamevunja makaburi ya kijiji cha jirani, wakatupa mafuvu vichakani. Wanakijiji wakaona wageni, wakaona jembe, wakaona udongo umegeuzwa. Wakaja wote, Waislamu na Wakristo wao, na marungu, mapanga na mawe.

Wenzetu walikimbia. Mwenyekiti Mikaeli, ambaye kanisani hupanda ngazi kwa fimbo, siku ile aliwapita vijana wa kwaya. Simlaumu. Ningekuwa na goti zima ningempita na mimi. Lakini goti lilikuwa limegoma, nimekaa chini. Ukasimama mbele yangu.

Jiwe la kwanza lilikuvunja meno. Ukatema, ukasema, "Wajukuu zangu, huyu bibi hawezi kukimbia. Mpisheni kwanza, halafu tuzungumze."

Kijana mmoja akajibu, "Na mifupa ya bibi yetu mmeiuza bei gani?"

Rungu likashuka begani, la pili kichwani. Nilisikia lilivyolia, sitaandika lilivyolia. Ukaniangukia mapajani na bado wakapiga, mkono wangu ukavunjika juu ya uso wako. Mmoja nilimng'ata mguu mpaka nikaonja damu. Najua ungenikemea.

Aliyewazuia ni Mzee Rajabu, imamu wa pale. Aliingia katikati, mpwa wake mwenyewe akamwinulia panga, asirudi nyuma. Akawauliza neno moja tu: "Shimo liko wapi?"

Wakatafuta. Shimo halikuwapo. Yalikuwapo makaburi matatu yaliyopaliliwa, yamezungushiwa mawe vizuri. Marungu yakaanza kudondoka. Yule kijana aliyeuliza bei akachana fulana yake akakufunga kichwa, analia. Ulikuwa bado unapumua. Roho ilikata garini, kabla hatujaufikia mji.

Wanne wamefungwa. Waliobaki wametuma ujumbe kupitia kwa Mzee Rajabu, wanaomba kuja kwenye misa yako Jumamosi hii. Mwanao Filipo ameapa kwamba wakiingia watatoka wamebebwa. Rebeka anasema tusamehe. Padri naye anasema hivyo hivyo, ila yeye hakuwepo.

Mimi kusamehe bado, mume wangu. Nimejaribu, nimeshindwa. Lakini nimemwita Filipo nikamwambia waje, wakae benchi la mbele pamoja na mimi. Jina lako likisomwa nataka wawe karibu, niwasikie wanavyopumua. Na nikamwambia kwamba watu wa kwetu wa kubebwa mwaka jana wametosha.

 Jana alimpigia simu Mzee Rajabu, akamuuliza watakuja wangapi, apate kujua wali wa kupika.

Misa ni saa mbili asubuhi, kigangoni kwetu Likombe.

Unakumbukwa na mkeo Marlene, wanao Rebeka na Filipo, dada yako Francisca, wajukuu zako wote, na Mwenyekiti Mikaeli, ambaye ameomba jina lake liwemo.

Daima uko nasi, Agostinho Silvio, na kukukumbuka hatutachoka.