Inchi Saba za Maumivu

Bwenini, 4 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ningependa barua hii ikukute umeketi, ingawa najua huenda unaisoma umelala chini ya meza ya kukatia, mahali unaposema mgongo unakuachia kidogo. Mimi ni mzima. Kikohozi kimeisha. Miwani yangu bado imefungwa kwa ule uzi mweusi wako, na wenzangu bado wananiita Miwani, kwa hiyo na wewe endelea tu.

Mgongo unaendeleaje? Nimehesabu: kesho inatimia miezi kumi na minne tangu uanguke kwenye ngazi ukishusha jora la kitambaa. Daktari alisema mfupa umeunga zamani, lakini bado unauma. Jambo hilo halikuniingia akilini, nikaenda maktaba. Nimepata kitabu kinene kuhusu maumivu yasiyoisha. Sura ya tatu inasema mgonjwa awe na daftari, aandike asubuhi, mchana na jioni maumivu yake ni kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi. Tafadhali fanya hivyo. Nimekuwekea daftari jipya, lile la mistari.

Habari nyingine ni ndogo. Mwalimu wa lugha anataka nisome insha yangu mbele ya watu siku ya wazazi, mwezi wa sita. Nimemwambia sauti yangu haifiki hata dawati la pili. Amecheka, lakini hajafuta jina langu.

Mpwa wako,
Miwani


Dukani, 19 Februari

Mwanangu Miwani,

Marahaba. Barua yako nimeletewa na kinyozi wa mlango wa pili, maana mimi na posta tumeachana. Nafurahi kikohozi kimekwisha. Marehemu baba yako hakuwa msomaji, na mimi niliyekulea umeniona na picha za mitindo ya magauni tu, sasa akili hii ya vitabu umeitoa wapi?

Daftari nimelianza. Ila hiyo sifuri mpaka kumi inanichanganya. Kumi ya nini? Mimi kitu kisichopimwa kwa inchi sikielewi. Basi nimeitundika futi yangu ya kupimia nguo ukutani kwa msumari, nikatia alama ya chaki kwenye inchi ya kumi. Naitazama, najiuliza mgongo umefika wapi, naandika. Jana asubuhi inchi sita, mchana saba, jioni saba na nusu. Kinyozi akachungulia. "Fundi, hiyo suruali fupi hivyo unamshonea nani?" Nikamwambia namshonea mgongo. Akaondoka akitikisa kichwa.

Cherehani nimeifunika shuka, sitaki iniangalie. Wateja nimewaambia wavumilie. Nikipona nitamaliza gauni la yule mwalimu wa chekechea. Nikipona nitapaka duka rangi. Nikipona nitakushonea shati la shule lenye kola imara, siyo hiyo yako ya kununua inayolala kama sikio la mbuzi. Nikipona nitakuja kukuona. Wewe soma tu.

Shangazi yako


Bwenini, 8 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani leo, na mgongo je? Huku sote tu wazima, isipokuwa mpishi ameteguka kifundo cha mguu na anapika ameketi.

Nimefurahi sana kuhusu daftari. Pima mara nyingi zaidi ukiweza, ili tujue maumivu yanapanda saa ngapi.

Shangazi, barua zako zote ninazo, zipo ndani ya sanduku chini ya nguo. Jumapili nilizisoma tena tangu ya kwanza. Neno "nikipona" lipo mara thelathini na moja. Usikasirike, sikuhesabu kwa ubaya. Nilipomaliza nilikaa nikawaza ni nani anayekutekea maji, na ni nani anayekuokotea mkasi ukidondoka. Kinyozi ana watu wake wa kunyoa.

Nimeamua. Nitahamia shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani. Asubuhi nitakutekea maji, mchana nitarudi. Haina maktaba, lakini nimeshasoma vingi. Fomu ya uhamisho nimeijaza, ipo ndani ya bahasha hii. Pamebaki mahali pa sahihi ya mlezi tu. Mwalimu mkuu anaitaka kabla mwezi wa sita haujaisha. Usinibishie, Shangazi. Tia sahihi uirudishe.

Mpwa wako,
Miwani


Bwenini, 5 Aprili

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo? Sijapata jibu. Labda barua imepotea, au umekasirika kwa sababu ya ile thelathini na moja. Mimi ni mzima.

Kila posta ikifika nasimama nyuma ya wenzangu, na mlezi wa bweni akimaliza kuita majina ananitazama kama yeye ndiye mkosaji.

Niandikie hata neno moja. Andika inchi tu.

Mpwa wako,
Miwani


Bwenini, 23 Aprili

Shangazi wangu,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Nina jambo la kukiri. Kile kitabu nilikirudisha nikiwa sura ya tatu, maana zamu yangu ya kuazima iliisha. Juzi nimekipata tena. Sura ya nne inasema daftari ni la wiki mbili tu. Inasema mtu akiyachunguza maumivu yake kila saa, mwili unazidi kuyatangaza. Na mimi nilikwambia upime mara nyingi zaidi! Nilikufundisha kitu ambacho nilikuwa sijakimaliza mwenyewe. Kama umezidiwa, ni mimi.

Litupe hilo daftari. Nisamehe.

Miwani


Dukani, 12 Mei

Miwani wangu,

Marahaba mara tatu, moja kwa kila barua niliyoiacha bila jibu. Nisamehe. Nipo, nala, napumua. Kaa chini nikueleze yote, na safari hii usiruke sura.

Daftari lilinimaliza, lakini usijibebeshe lawama. Wewe ulisema mara tatu, mimi nikafika kila saa kabla hata hujaniambia niongeze. Nikikohoa, napima. Nikigeuka, napima. Mgongo ukinyamaza, naenda kuutafuta uko wapi, na nikiutafuta naupata. Nikawa karani wa mgongo wangu, sina kazi nyingine. Fomu yako ilipofika nilikuwa inchi tisa. Nikasema basi, natia sahihi, mtoto aje. Shida haikuwa maji, mwanangu. Nilitaka mtu wa kunitazama nikiumia. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kalamu sikuiona. Nikakumbuka kuna moja kwenye droo ya cherehani, nikavuta shuka. Gauni la mwalimu wa chekechea lilikuwa bado pale, sindano imechoma palepale ilipoishia siku niliyoanguka. Imeshika kutu, na kutu imeacha doa kwenye pindo. Doa! Kwenye kazi yangu! Nilipandwa na hasira, nikakaa, nikachomoa sindano, nikafumua, nikakata penye doa, nikapiga pindo jipya. Nilipoinua kichwa, kinyozi amesimama mlangoni na wembe mkononi, na nyuma yake mteja ana povu nusu ya uso.

"Nimesikia mashine," akasema. "Nikadhani panya."

"Panya anayeshona?"

"Ndiyo maana nimekuja kutazama."

Nikaiangalia futi ukutani. Maumivu yalikuwa inchi saba, labda nane. Hayakupungua hata upana wa uzi. Lakini kwa muda wa pindo zima, Miwani, yalikuwepo na mimi nilikuwa nikishona. Vyote viwili. Sikujua kama inawezekana.

Usidhani hapo ndipo mambo yaliponyooka. Kesho yake nikajifanya shujaa, nikashona tangu asubuhi hadi saa kumi. Nikalala sakafuni siku nne. Kinyozi alikuwa ananiletea uji na maneno makali kwa pamoja. "Vichwa nimenyoa vingi, fundi, ila kigumu kama chako bado." Akanipeleka mwenyewe kliniki, kwa yule mama wa mazoezi ya viungo niliyeacha kwenda kwa sababu hakutaka kuniahidi kwamba nitapona. Nikamwuliza wazi, "Haya maumivu yataisha?"

Akasema, "Huenda yasiishe. Lakini mfupa wako ni mzima. Mgongo wako ni kama mlinzi aliyeibiwa mara moja. Sasa hata paka akipita, anaamsha mtaa mzima. Ukisikia unauma, haina maana kwamba unaharibika."

Nililia palepale kwenye kitanda chake. Kwa huzuni, ndiyo, maana nilikuwa bado nangoja siku moja niamke sina maumivu. Lakini pia kwa faraja. Miezi yote hiyo, kila nikiinama, nilikuwa naogopa kwamba nitavunjika tena.

Wakati wa kurudi nikawaza. Unamkumbuka yule mteja wangu, mke wa mwenye ghala, anayekuja kila siku kuulizia nguo ambayo hata kitambaa chake hajaleta? Zamani nilikuwa nabishana naye mpaka aondoke, na siku nzima inaharibika kwa hasira. Baadaye nikampa kigoda pembeni. Yeye anaongea, mimi nashona. Siku nyingine anaongea sana, nami nashona kidogo. Siku nyingine anasinzia. Basi na mgongo nimeupa kigoda. Nimeacha kusubiri utoke ndipo nifungue duka.

Mama wa mazoezi amenipangia: nashona dakika ishirini, saa ya mezani ikilia nasimama, hata kama najisikia vizuri. Hasa nikijisikia vizuri. Natembea mpaka kwa kinyozi, nasalimia, nageuka. Wateja wake wamezoea. Jana mzee mmoja akaniona naingia akarekebisha saa yake ya mkononi. Futi nimeitoa ukutani, imerudi shingoni kwangu. Daftari nimebakiza kurasa za mwisho kwa vipimo vya watu.

Fomu yako ninayo. Nitaijibu, ila si leo.

Shangazi yako


Bwenini, 26 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama pale pale penye posta, mpaka mlezi wa bweni akauliza kama kuna msiba. Nikasema hapana, kuna gauni. Hakuelewa. Mgongo na kigoda chake hawajambo?

Nimeihesabu na hii. "Nikipona" haipo hata mara moja. Nimerudia mara mbili ili nisikosee.

Nilikuwa nimepanga kumwambia mwalimu wa lugha kwamba nitasoma mbele ya watu mwaka ujao, sauti ikishakomaa. Nilipofika mlangoni kwake nikajisikia kama ninayefunika kitu shuka. Nikamwambia nitasoma mwaka huu. 

Lakini Shangazi, fomu. Zimebaki wiki chache. Na maji bado ni mazito, hata kwa mtu mwenye saa ya mezani. Je, nije au nisije?

Mpwa wako,
Miwani


Dukani, 11 Juni

Mwanangu Miwani,

Marahaba. Mimi na mteja wangu wa kigodani tumekaa tunakuandikia. Leo ana maneno mengi, kwa hiyo barua hii nimeiandika kwa vipande vitatu, na katikati nimekwenda kusalimia kwa kinyozi mara mbili.

Gauni la mwalimu wa chekechea limekwenda. Alikuwa ameshanenepa, nikalipanua pande zote mbili, naye akasema afadhali nilichelewa. Maji nimepatana na kijana wa mkokoteni, ananijazia pipa mlangoni, nami nachota kwa kopo dogo. Mara nyingi, kidogo kidogo. Mkasi ukidondoka nauacha mpaka saa ilie, ndipo nauokota kwa kupiga magoti kama nilivyofundishwa. Ulimwengu haujasimama.

Sikudanganyi. Juzi ilikuwa siku mbaya. Nilifunga duka saa sita nikalala, nikalia kidogo, nikakasirika kidogo. Jana nikafungua. Zamani siku kama hiyo ingenila mwezi.

Siku ya wazazi sitakuja. Saa sita kwenye kiti cha basi bado siziwezi, na sitaki kujifanya shujaa mara ya pili. Hilo limeniuma kuliko mgongo. Ila nimekutumia mwakilishi, yumo ndani ya kifurushi: shati jeupe. Vaa utakaposimama kusoma. Limechukua siku kumi na moja, dakika ishirini ishirini. Ukiangalia mshono wa bega la kulia utaona mahali pamoja pamekwenda upande. Hapo nilikuwa inchi nane na saa ilikuwa bado kulia. Nilitaka kufumua, nikaona nipaache. Mikono yako ikitetemeka mbele ya watu, iache itetemeke. Wewe soma.

Kola nilitaka iwe imara, nikatafuta duka zima karatasi ngumu ya kukata kiolezo chake, sikupata. Karatasi niliyoona inafaa ilikuwa moja tu, ngumu, nzuri, ina muhuri wa shule. Nimeikata vizuri kwa kufuata shingo yako ya likizo iliyopita. Utaikuta imekunjwa ndani ya shati. Mahali pa sahihi ya mlezi pameangukia kwenye ncha ya kushoto, peupe.

Hilo ndilo jibu langu. Baki na maktaba yako, na ukiazima kitabu, kimalize.

Kinyozi ameninyang'anya kalamu, anasema: "Kijana, ukija likizo uje na nywele ndefu. Nimechoka kunyoa watu kwa kufuata saa ya shangazi yako, nataka kichwa kimoja cha kunyoa kwa raha."

Nimeichukua tena kalamu yangu. Hiyo karatasi ya kola usiitupe. Ilaze ndani ya kitabu isikunjamane, uje nayo ukija. Mwakani shingo yako itakuwa imekua, nami nitaihitaji.

Shangazi yako