Moshi wa Kiwanda

Jumatano jioni, 1974

Leo mwalimu wangu wa urubani alishuka kwenye ndege akaniambia, "Sasa zunguka peke yako. Kabla ya kutua, angalia moshi wa kiwanda cha chai, ujue upepo unatoka wapi."

Nilipopita juu ya mashamba, wachuma chai walinipungia mikono, nami nikawapungia. Niliporudi kutua, moshi ulikuwa umegeuka, upepo unanisukuma kutoka nyuma. Nikaogopa, nikapanda tena, nikaja kwa upande mwingine. Nikatua salama.

Kinachoniuma ni maneno ya mama mmoja mchuma chai niliyekutana naye njiani nikirudi nyumbani, nilipomwambia ni mimi niliyekuwa kwenye ndege. "Kumbe ni wewe? Sisi tulikuwa tunasalimia mzungu."

Nimekula ugali peke yangu. Mama yangu kule Chepilat anajua naendesha trekta, angejua ni ndege angenikataza. Jumapili ataniuliza habari za kazi, nami nitamwambia trekta ni nzima.