Zuhura kanisemea kwa mwalimu mkuu

Harrow, Jumatano. Manyunyu tangu asubuhi, na mie nina hasira mpaka chai imenishinda.

Sikutaka kuandika leo. Lakini nisipoandika nitapasuka.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Polandi na walimu wengine wa hapa London, safari ya siku nne ya kujifunza namna ya kuwafundisha watoto wadogo habari za Holokosti, yale mauaji ya Wayahudi, bila kuwatisha na bila kuwadanganya. Darasa langu ni la watoto wa miaka kumi. Safari hii niliiomba mwaka mzima.

Kwenye kambi walikouliwa nilijikaza. Kilichonimaliza ni mlango. Katika mtaa wa kawaida tu, mwenyeji wetu alituonesha mwimo wa mlango wenye alama ndogo iliyochimbika mshazari. Hapo, akasema, ndipo familia ya Kiyahudi ilipotia kijisanduku chenye maneno ya sala, nyumba ipate baraka. Kijisanduku hakipo, wenyewe hawapo, alama ipo. Nikakumbuka Ayatul Kursi aliyoibandika mama juu ya mlango wetu kule Unguja, nikalia mbele za watu kama mtoto.

Pale pale nikajua somo langu litaanzia wapi. Nitawauliza watoto: mlangoni kwenu pana nini? Najua mikono itakavyonyooka.

Jioni ile nikampigia Zuhura. Zuhura ni shoga yangu, Mpemba, msaidizi wa darasani kwangu, mwaka wa sita huu. Ndiye aliyekaa nami nilipofiwa na mama. Nikamwambia yote, hata lile ambalo sikumwambia mume wangu: kwamba naogopa, kwamba nitasimama mbele ya watoto nilie, nishindwe kusema.

Nilimwambia yeye peke yake.

Leo mwalimu mkuu kaniita ofisini, na sauti yake ya upole kama anazungumza na mgonjwa. Somo la kesho atalichukua mwalimu wa darasa la jirani, na picha nilizopiga safarini atazitumia. Nikadhani nimekosea kitu. Kumbe Zuhura kamweleza, ati kwa niaba yangu, kuwa safari imenivuruga, silali, na naona haya kusema mwenyewe. Tena kaongeza la kwake: wazazi wa msikitini hawatopenda kumwona mwanamke wa Kiislamu akifundisha habari hizo.

Mzazi gani, jamani? Wawili walinisimamisha getini wiki iliyopita, na walichotaka ni kujua safari ilikuwaje.

Nikamfuata Zuhura kwenye stoo ya vitabu. Hakukana. "Nimekuhifadhi, shoga. Watu wabaya," akasema, huku anapanga madaftari. Kunihifadhi! Angenambia usoni ningemsikiliza, pengine hata ningekubali. Lakini kaichukua hofu yangu, kaenda kuiweka mezani kwa mkubwa wangu.

Na linaloniuma zaidi ni kuwa kuhusu mie hakusema uongo mkubwa. Nililia kweli. Nilisema naogopa, kweli.

Sitaki kujifanya nimefikwa na makubwa. Baada ya kuuona ule mlango, nina uso gani wa kuliita hili msiba? Lakini limeniuma, wallahi, limeniuma.

Saa nane nikarudi ofisini bila kuitwa. Nikamwambia mwalimu mkuu kuwa nililia, ndiyo, na kesho nikilia watoto watamwona mtu mzima analia, halafu nitajifuta machozi niendelee. Mzazi mwenye neno aje kwangu. Akatazama nje, akasema haya, somo ni lako.

Nimelipata!

Nikatoka, nikasimama kwenye manyunyu nje ya geti, nikatoa simu nimwambie mtu. Kidole kikaenda chenyewe kwenye jina la Zuhura. Miaka sita, jema langu na baya langu yote yalianzia kwake.

Nikaizima simu. Nyumbani nimemwambia mume wangu, akasema hongera, akarudi kwenye mpira wake.

Kesho saa tatu Zuhura atakaa nyuma ya darasa langu, kama kawaida yake, na mie nitafundisha. Hilo silo ninaloliogopa tena. Nikishamaliza, nitamsimulia nani?