Sketi Iliyoachia Mbele ya Wakwe

Mjukuu wangu Mwende,

Salamu kutoka hapa mtaani Tena. Babu yako ni mzima, na mama yako amepaka nyumba rangi ya manjano! Umeniandikia kuwa sketi uliyojishonea imeachia mbele za watu, ukaniuliza kama nami niliwahi kuaibishwa na nguo niliyojishonea.

Miaka ile ya sabini nilijishonea sketi nyekundu ya marinda, kitambaa cha kuvutika, niivae wazazi wa babu yako wakija kwetu Ziwani kuniposa. Nilipoinama kuwanawisha mikono, mshono ukaachia, traa, hadi pajani!

Mama mkwe akainuka upesi, akanifunga leso yake, akanipeleka chumbani.

“Nisamehe, mama,” nikasema, machozi yakinilengalenga.

Akacheka hadi akaketi kitandani. “Yangu ilipasukia kanisani, nikiimba kwaya. Cherehani iko wapi?”

Wageni wakingoja chai, akanionyesha: ukishona, kivute kitambaa kidogo, ili uzi nao upate nafasi ya kunyumbuka. Tukarudi sebuleni tukicheza, marinda yakiruka, na hakuna kilichoachia.

Ishone tena sketi yako, mjukuu wangu. Mimi siku ile nilipata mama kabla sijapata mume.

Nyanya yako akupendaye,
Kalekye