Shampeni ya Kumuaga Baba

Bonde la Tamar, Tasmania
2 Machi 2019

Mdogo wangu Garth,

Salamu nyingi. Hujambo huko mgodini? Joto limepungua? Sisi wazima, isipokuwa baba. Daktari anasema ini limechoka na hakuna la kufanya tena. Baba naye anasema hataki kusifiwa akiwa hasikii, kwa hiyo tumfanyie karamu ya kumuaga angali hai. Itakuwa Jumamosi tarehe 30, ukumbi wa zimamoto, pamoja na wenzake wa kikosi.

Wamekubali watu arobaini na mmoja, bila wewe. Baba anataka shampeni ya hapa bondeni. Kasema nikuulize wewe tununue chupa ngapi, maana uliwahi kufanya kazi duka la vinywaji. Na unakuja, siyo?

Dada yako,
Leonie

Pilbara
6 Machi

Dada Leonie,

Sijambo, nashukuru. Huku jua bado linakaanga watu. Pole kwa kuuguza.

Hesabu ni rahisi: nusu chupa kila mtu, kwa hiyo chupa ishirini na moja. Ongeza tatu za akiba. Ziweke kwenye barafu tangu asubuhi. Habari ya kuja, ngoja nimwone bosi.

Mdogo wako,
Garth

Bonde la Tamar
8 Machi

Garth jamani,

Hujambo lakini? Chupa ishirini na nne! Unataka kikosi kizime moto kwa shampeni? Umekaa huko hata umesahau kwenu. Kila mtu atakuja na boksi lake la barafu na bia zake, na sahani ya chakula. Jirani yetu Bi Noelene ameshatangaza pai zake za kome. Shampeni ya mwenyeji ni ile glasi moja tu ya kumtakia baba heri. Nilimsomea barua pepe yako, akacheka mpaka akakohoa. Kasema, "Huyo kijana hesabu zake za harusi za mjini."

Piga upya. Na bosi kasemaje?

Dada yako,
Leonie

Pilbara
17 Machi

Dada,

Natumai hamjambo. Samahani kwa kuchelewa, zamu zilikuwa nzito. Kama ni glasi moja moja, chupa moja inatoa glasi sita. Saba zinatosha, nije nisije.

Bosi amekataa. Watu ni wachache mwezi huu. Msalimie sana baba.

Mdogo wako,
Garth

Bonde la Tamar
18 Machi

Mdogo wangu,

Sisi tupo. Hali ya baba siyo nzuri, supu anakunywa vijiko viwili basi.

Nikwambie ukweli. Kugawanya kwa sita najua. Baba ndiye aliyesema, "Muulize shampeni. Ukimuuliza habari zangu atanyamaza, hajui aseme nini. Lakini vinywaji anavijua, atajibu." Alitaka kusikia sauti yako tu, hata kama ni ya kuhesabu chupa. Hana kinyongo nawe hata kidogo kwa kutokuja kumwona.

Rudi kwa bosi, umwombe tena. Tafadhali.

Dada yako,
Leonie

Bonde la Tamar
26 Machi

Garth,

Hukujibu. Baba katutoka jana alfajiri, usingizini. Jumamosi iko palepale na watu ni walewale, ila sasa ni mazishi.

Leonie

Pilbara
26 Machi

Dada,

Leo sina hata uso wa kukuuliza hali.

Nimekwenda kwa bosi nikamwambia baba amefariki. Kanipa ruhusa kabla sijamaliza kusema. Akauliza kama aliugua muda mrefu. Nikasema ndiyo. Akanikazia macho. "Sasa wewe bwana, mbona hukuniambia? Ningekupeleka uwanja wa ndege mwenyewe."

Sikuwahi kumwomba, Leonie. Nilikudanganya. Niliogopa kumwona baba amekonda, amelala hoi, yule aliyekuwa akitubeba wawili mabegani. Nikajiambia nitakwenda akipata nafuu, na nilijua hatapata. Barua yako ya tarehe 18 niliisoma kila nikitoka kazini, na kila nikitaka kujibu naona aibu, nalala. Yeye alinitafutia neno la kusema, mimi nikamrudishia hesabu.

Nafika Ijumaa. Nakuomba kitu kimoja: nisiitwe kuzungumza mbele ya watu. Watanipa pole, nami siistahili. Niweke jikoni, niwe naosha glasi.

Mdogo wako,
Garth