Nilisema Ni Baridi Tu

Kaka yangu mpendwa,

Kamwene huko uliko. Mdogo wako nipo, bado mwanaume mzuri kuliko wote wa Njombe hii, ila kitambi kimeanza kunitangulia mlangoni.

Nakuandikia kwa sababu juzi uliuliziwa. Binti mmoja alikuja kule nyumbani kwako, mtaa wa Ramadhani, ninakoishi sasa, kishikwambi mkononi. Wanapita nyumba kwa nyumba kuhesabu waliopata kiharusi mkoani kwetu, ni wangapi, wangapi walipona na wangapi walikufa. Nikampa kiti, nikaanza kumsimulia nilivyoendesha lori mpaka Lubumbashi. Si unanijua.

Akaniacha nimalize, akauliza, "Baba, humu kuna mtu aliyewahi kupooza upande mmoja ghafla, au mdomo kwenda pembeni?"

"Humu? Sisi damu ya chuma, binti yangu. Hakuna."

Akabonyeza, akashukuru, akaondoka. Nikabaki nakitazama kiti. Nilikuwa nimekufuta, kaka.

Asubuhi ile umande ulikuwa umeganda kwenye majani ya viazi. Kikombe cha chai kikakuponyoka, ukataka kucheka, ukacheka nusu ya uso. Shemeji akapiga kelele, "Hospitali! Twende hospitali!" Nani alimzuia? Mimi, msafiri. "Tulia shemeji, haya nimeyaona Kongo. Baridi imemwingia kwenye mishipa. Leteni jiko la mkaa." Tukakukanda maji ya moto, tukakufunika mablanketi matatu. Ulipojaribu kusema kitu nikakutania, "Mzee wa kanisa umelewa asubuhi!" Watu wakacheka. Wewe ukanitazama tu, chozi likikutoka.

Siku ya pili ndipo tulipokodi gari kwenda hospitali ya Ikonda. Daktari akauliza ilianza lini. Nilinyamaza, shemeji akaninyamazia. Msibani nikatangaza mwenyewe, kwa sauti yangu hii ya stendi, kwamba umeuawa na baridi. Hapa Njombe nani atabishana na baridi?

Basi juzi hiyo nikavaa ndala, nikamkimbilia yule binti. Nilimkuta nyumba ya tatu, kwa Mama Tuli, mjane jirani yetu. Mama wa watu alikuwa anajibu, "Mume wangu? Aa, hapana. Yeye baridi tu, mwanangu. Mkono ulikufa, mdomo ukapinda, baada ya wiki akaenda."

Kaka, nilisikia maneno yangu yakitoka kinywani mwake.

"Mama Tuli, hiyo siyo baridi," nikasema nikihema. "Na wewe binti, kwangu nilikudanganya. Mwandike kaka yangu."

Akafungua upya. Umri wako. Mkono gani. "Alifikishwa hospitali baada ya muda gani?"

"Siku ya pili."

"Kwa nini mlichelewa?"

"Kwa sababu yangu. Andika hivyohivyo."

Akatafuta, akatikisa kichwa. "Hakuna mahali pa kuandika hivyo, baba. Naweka: ndugu hawakutambua dalili."

Hata mashine imenipunguzia adhabu. Lakini sasa umehesabiwa, na mume wa Mama Tuli pia. Nikirudi nilipita makaburini, nikajiuliza, humu wangapi tumewazika kwa jina la baridi?

Jana nikapanda basi hadi Makambako, alikohamia shemeji baada ya msiba. Nilimkuta anamenya viazi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, nikaiacha. Nikasema tu, "Shemeji, ulikuwa sahihi asubuhi ile. Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Akaendelea kumenya, kiazi kimoja, cha pili. "Nilijua," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Umepima presha lini?"

"Mimi? Sijawahi."

"Kesho tunaongozana hospitali. Nami nitaingia humo ndani na wewe, usije ukamsimulia daktari safari zako."

Nimelala kwake. Kumepambazuka, anafunga mlango, ananiita. Naogopa, kaka, na hilo sijamwambia mtu mwingine. Ila leo akisema twende, naenda.

Pumzika. Nisamehe.

Mdogo wako, niliyekuchelewesha